National Treasure: filamu tamu, kemia chungu

Nianze na onyo: humu ndani nitaisimulia filamu mpaka mwisho. Ilitoka mwaka 2004, kwa hiyo nadhani muda wa kutunza siri umeshapita. Ila kama hujaiona na unataka kuiona kwanza, nenda, sisi tupo.

Mimi niliiona mara ya kwanza nikiwa na miaka kumi, kwenye kibanda umiza cha mtaani kwetu: benchi la mbao, shilingi mia mlangoni, na sauti ya DJ akitafsiri juu ya sauti ya Nicolas Cage. DJ aliongeza ya kwake mengi, kama kawaida yao. Lakini lile tukio la malimau hakuligusa. Watu wanachukua hati muhimu kuliko zote Marekani, wanaipaka limau, wanaipulizia pumzi, na maandishi yaliyofichwa miaka zaidi ya 200 yanajitokeza. Kibanda kizima kilipiga kelele. Wiki hiyo hiyo na mimi nikafanya jaribio langu nyumbani. Nitakuambia lilivyokwisha, maana ndilo linalonifanya niandike haya.

Hadithi yenyewe kwa kifupi. Benjamin Gates (Cage) anatoka kwenye ukoo unaochekwa na wenzake. Mwaka 1832 babu yao wa zamani alidokezwa na Charles Carroll, aliyekuwa wa mwisho kubaki hai kati ya watu waliotia saini Tangazo la Uhuru wa Marekani, kwamba kuna hazina kubwa imefichwa. Hazina hiyo ilipita mikononi mwa wapiganaji wa Templar wa enzi za kati, kisha ikafika kwa Freemason waliokuwemo kati ya waasisi wa Marekani. (Usishtuke. Hawa Freemason wa filamu hawakutumii ujumbe wa simu kukuahidi utajiri. Wao wanaandika vitendawili tu.) Gates anapata kiko cha tumbaku kwenye meli iliyozikwa kwenye barafu, kiko kina kitendawili, na kitendawili kinasema ramani iko nyuma ya Tangazo la Uhuru. Mwenzake Ian (Sean Bean) anataka kuliiba. Gates anaamua kuliiba yeye kwanza, ili lisiibwe. Ni kama mtu anayekula maandazi yako yote ili panya wasiyaguse.

Sasa niseme wazi: naipenda filamu hii. Nimeitazama si chini ya mara sita. Mwongozaji Jon Turteltaub anaipeleka mbio kiasi kwamba kila ukitaka kuuliza swali, wao wameshafika mji mwingine. Riley (Justin Bartha), kijana wa kompyuta, anachekesha bila kulazimisha. Na kuna kitu kizuri ndani yake: inafanya nyaraka za zamani zionekane kitu cha kukimbilia, si cha kukariri kwa ajili ya mtihani. Kwa hiyo sitakaa hapa kuhesabu uongo mmoja mmoja. Filamu ya kutafuta hazina bila uongo ni sawa na pilau bila viungo. Shida yangu ni moja tu, na inaanzia kwenye ofisi ya mwanamke mmoja.

Mtu pekee aliyeuliza swali

Kabla ya kuiba, Gates na Riley wanafanya jambo la kistaarabu. Wanakwenda kwenye Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka mjini Washington, wanaonana na Dkt. Abigail Chase (Diane Kruger), na kumweleza kwamba kuna ramani nyuma ya Tangazo. Abigail anawasikiliza. Kisha anauliza umewajuaje, nao wanataja kiko. Anauliza kama anaweza kukiona. Hawanacho, kimechukuliwa. Abigail anawatania kidogo na mazungumzo yanaishia hapo.

Filamu inataka umwone Abigail kama kizuizi. Mimi naona ndiye mwanasayansi pekee kwenye saa mbili zote. Mtu amekuja na dai zito, hana ushahidi, na anataka aruhusiwe kupima kitu ambacho kikiharibika hakuna kingine. Jibu sahihi ni "hapana, rudi ukiwa na kiko". Gates anatokea kuwa mkweli, sawa, lakini kwa alichokuwa nacho mkononi siku ile hakustahili kuaminiwa. Hayo ni mambo mawili tofauti, na kuyatofautisha ni nusu ya kazi ya utafiti. Yeyote aliyewahi kutetea pendekezo la utafiti mbele ya wasimamizi wake anajua ninachosema.

Kinachoniuma ni kwamba baadaye, Tangazo likiwa limeshaibwa, ni huyu huyu Abigail anayesema kazi ile ifanywe na mtu aliyefundishwa kushika nyaraka za kale. Halafu anavaa glavu, anachukua limau.

Wino wa chuma, na bibi yako

Kile kitendawili cha kwenye kiko kinataja kalamu ya chuma. Gates anawaza, anatembea huku na huku, na katikati ya kuwaza anataja wino wa chuma, japo jibu lake la mwisho ni jingine. Na hapo filamu iko sahihi kabisa. Tangazo la Uhuru liliandikwa kwa mkono, inaaminika na Timothy Matlack, kwa wino wenye chuma. (Kitendawili kinazungumzia watu 55 waliotia saini. Walikuwa 56. Tuendelee.)

Wino ule ulitengenezwa hivi. Unachukua tanini kutoka kwenye vivimbe vinavyoota kwenye mti wa mwaloni pale mdudu anapotaga mayai. Unachanganya na salfeti ya chuma na gundi ya mti. Ukiandika, mwanzoni wino ni mwepesi. Kisha oksijeni ya hewani inakibadilisha chuma, nacho kinashikana na tanini na kuwa kitu cheusi kisichoyeyuka kwenye maji. Tanini unaijua, ndiyo inayokausha ulimi ukinywa chai ya rangi iliyokolea. Ndiyo iliyomo pia kwenye magome ya mikoko.

Na tabia ya chuma unaijua pia. Shati jeupe likipata doa la kutu, bibi anafanya nini? Anakamulia ndimu, anatia chumvi, anaanika juani. Doa linafifia kwa sababu asidi ya sitriki iliyomo kwenye ndimu inakishika chuma na kukifanya kiyeyuke, halafu maji yanakibeba.

Hebu sasa unganisha mwenyewe. Gates anajua kwamba wino ni chuma, ametaja mwenyewe. Halafu anachukua kitu ambacho kila bibi wa pwani hii anajua kinaondoa chuma kwenye nguo, anakipaka kwenye hati hiyo hiyo. Hakukosa maarifa. Alikuwa nayo, akayataja, kisha akayaacha nje.

"Lakini walipaka nyuma," utaniambia. Kweli. Ila Tangazo halikuandikwa kwenye karatasi. Liliandikwa kwenye ngozi ya mnyama, iliyolowekwa kwenye chokaa, ikakwanguliwa manyoya na kukaushwa ikiwa imevutwa kwenye fremu. Ngozi ya namna hiyo inakunywa maji, inavimba, inajikunja. Imejengwa kwa kolajeni, na kolajeni ikilowa na kupashwa moto inasinyaa, kama unavyoona nyama ikijikunja kwenye sufuria ya supu. Ngozi mpya inaanza kusinyaa kwenye nyuzi joto 60 hivi. Iliyozeeka haivumilii hata hapo. Na hii imezeeka kwa tabu: kuanzia mwaka 1841 hadi 1876 ilitundikwa kwenye jengo moja mjini Washington ikitazamana na dirisha, miaka 35 ya mwanga wa mchana. Ndiyo maana maandishi yake leo yamefifia sana. Sasa inatunzwa kwenye kasha lililojazwa gesi ya agoni ili oksijeni isiifikie. Watu wamepigania kila tone la wino lililobaki pale. Wewe unakuja na ndimu!

Tuwatendee haki kidogo. Wino wa siri ulikuwepo kweli kwenye vita vile. George Washington na majasusi wake walitumia wino uliotengenezwa na James Jay, ambao hauonekani mpaka upakwe kemikali ya pili. Kwa hiyo wazo la kupaka kitu ili maandishi yajitokeze si la kichekesho. Ila mchezo wa limau tunaoujua wa shuleni ni kinyume chake: limau ndilo wino, na joto ndilo linalolifichua, kwa sababu sukari na asidi zake zinaungua na kuwa kahawia kabla karatasi haijaungua. Joto hilo ni la pasi au balbu. Pumzi ya Cage, hata awe na homa, haifiki nyuzi 40.

Na nyuma ya Tangazo kuna maandishi kweli, mstari mmoja karibu na ukingo, umeandikwa juu chini. Unasema tu kwamba hii ni nakala halisi ya Tangazo, pamoja na tarehe yake. Yaani lebo. Nyaraka za ngozi zilikuwa zinakunjwa kama mkeka, na lebo inakusaidia usifungue ili kujua ni nini. Aliyeandika lebo ile alitaka hati isishikwe-shikwe ovyo. Kwangu mimi huo ndio ujumbe wa siri.

Kivuli cha saa 8:22

Baada ya limau wanakwenda Philadelphia. Kidokezo kinasema watazame kivuli cha mnara wa Independence Hall kwa wakati fulani, na wakati huo wanausoma kwenye picha ya saa iliyoko kwenye noti ya dola 100: saa 8:22 mchana kwa hesabu yetu. Wanagundua kwamba wamechelewa. Hapo Riley anang'aa. Anakumbusha kwamba waasisi hawakuwa na ule utaratibu wa nchi za kaskazini wa kusogeza saa mbele wakati wa kiangazi. Kwa hiyo saa 8:22 ya zamani ni saa 9:22 ya leo, bado wana muda! Ni tukio tamu, na hoja yake ni ya kweli.

Kuna hata bahati ambayo waandishi labda hawakuijua. Zamani kila mji ulifuata jua lake wenyewe. Kanda za saa zililetwa na kampuni za reli za Marekani mwaka 1883. Kwa miji mingi hilo lingeharibu hesabu ya Riley kwa dakika kadhaa, lakini Philadelphia iko karibu kabisa na longitudo ya nyuzi 75 magharibi, ambayo ndiyo msingi wa saa za upande ule. Tofauti haifiki dakika moja.

Tatizo ni kwamba kivuli hakijui saa tu. Kinajua na mwezi. Nilikaa na kalamu nikapiga hesabu kwa mnara wa mita 50, ambao ndio urefu wake wa leo kwa kukadiria, saa 8:22 kwa jua la Philadelphia. Mwishoni mwa Juni kivuli kina urefu wa mita 34 hivi. Machi na Septemba, siku za usiku na mchana sawa, kinafika mita 63. Mwishoni mwa Desemba kinakaribia mita 150. Na hakielekei upande uleule: kati ya Juni na Desemba kinageuka nyuzi 38 hivi. Kitendawili hakitaji tarehe. Gates alifika siku yoyote tu, akakuta kivuli kimeangukia tofali lile lile lenye alama.

Na mnara wenyewe? Ule wa enzi za Tangazo ulikuwa wa mbao, ukaoza, ukaondolewa mwaka 1781. Unaoonekana leo ulijengwa mwaka 1828. Kivuli anachokifuata Gates ni cha mnara mwingine.

Hili unaweza kulijaribu bila kuumiza hati ya mtu. Ukiwa Dar es Salaam, chomeka kijiti wima uwanjani na utazame kivuli jua linapokuwa juu kabisa. Hiyo si saa 6:00 kamili, ni saa 6:20 na kitu, kwa sababu saa zetu zinafuata longitudo iliyo mashariki yetu. Juni kivuli kitaelekea kusini, Desemba kitaelekea kaskazini. Kijiti kile kile, mahali pale pale. Ukimaliza utakuwa umempita Gates.

Moto kwenye maktaba

Mwisho wanafika chini ya kanisa la Trinity, New York. Kanisa lililopo ni la tatu mahali hapo: la kwanza liliungua mwaka 1776, na hili la sasa lilimalizika mwaka 1846. Wanashuka kwenye shimo refu lenye ngazi za mbao, kwenye kisiwa kilichozungukwa na maji. Wanafika kwenye ukumbi wa hazina, na Abigail anashika gombo la mafunjo la kutoka Maktaba ya Alexandria.

Mafunjo tuliyonayo leo yalidumu kwa sababu mchanga wa Misri ni mkavu. Kwenye unyevu wa chini ya Manhattan yangeshakuwa ukungu na uji siku nyingi. Tuseme yamepona kwa muujiza. Gates anafanya nini ili waone vizuri? Anawasha moto. Mfereji wa mafuta unawaka na kuzunguka ukumbi mzima, katikati ya magombo ya ile maktaba ambayo dunia nzima inaikumbuka kwa kuungua. Kibandani tulipiga makofi. Siku hizi kipande hicho nakitazama nikiwa nimeshika kichwa.

Hazina iliyopatikana kweli

Hapa ndipo penye shida yangu ile moja. Filamu inadai inapenda vitu vya kale, lakini kila kitu cha kale kwake ni kifuniko. Unakifungua, unapata kidokezo, unakitupa, unakwenda kwenye kifuniko kinachofuata. Na kila kidokezo kinajibu mara ya kwanza, kwa hiyo hakuna anayelipa gharama ya kukosea. Kwenye maabara mambo ni kinyume. Mara nyingi unakosea, na kitu unachokipima ni kimoja tu.

Mfano upo, na unafanana na filamu kiasi cha kushangaza. Mwaka 1998 kitabu kidogo cha sala kiliuzwa kwa mnada New York kwa dola milioni 2. Kilikuwa kimeandikwa mwaka 1229 juu ya kurasa za ngozi zilizokwanguliwa maandishi ya awali. Maandishi hayo ya awali, yaliyonakiliwa karne ya 10, yalikuwa kazi za Archimedes, nyingine hazipatikani kokote kwingine kwa Kigiriki. Ngozi, maandishi chini ya maandishi, wino wa chuma. Gates angefurahi.

Ila hakuna aliyeleta limau. Kitabu kilipelekwa Walters Art Museum, Baltimore, na kwa miaka mingi wakakipiga picha kwa mwanga wa rangi mbalimbali, ule tunaouona na ule tusiouona, mpaka tofauti ndogo za wino zikajitokeza. Kurasa nyingine zilikuwa zimefunikwa na picha za kughushi zilizochorwa juu yake. Hizo wakazipeleka kwenye mtambo wa miale ya eksirei huko Stanford, ukapita chini ya rangi na kutafuta kitu kimoja: chuma cha wino. Chuma kile kile. Kwenye filamu kinahatarishwa ili kupata kidokezo. Kule ndicho kilichosomesha ukurasa.

Jaribio langu

Sasa lile jaribio langu. Bibi alikuwa na barua ya babu ya miaka ya sitini, aliyomwandikia kutoka Tanga alipokuwa akifanya kazi kwenye shamba la mkonge. Aliitunza kwenye kopo la biskuti. Limau hatukuwa nalo, nikachukua ndimu. Nikapaka, nikaisogeza juu ya jiko la mkaa. Haikutokea ramani. Mstari wa tatu na wa nne ulipauka, ukawa njano, na herufi zikaondoka mbele ya macho yangu. Bibi hakunipiga. Aliichukua barua, akaipepea ikauke, akairudisha kwenye kopo. Wino wa buluu-nyeusi wa kalamu za zamani mara nyingi ulikuwa na chuma. Nilikuja kulijua hilo mwaka wa kwanza wa shahada ya uzamili, nikiwa nasoma kitu kingine kabisa, na nilifunga kitabu nikakaa kimya kwa muda.

Mwaka jana nilirudi na tochi ya kukagulia noti bandia, nikaimulika ile barua gizani. Mabaki ya chuma hunyonya mwanga ule, yakaonekana meusi kidogo. Neno moja lilirudi: "mvua". Mengine ya mistari ile miwili hayapo. Bibi anasema anayakumbuka, lakini hataki kuniambia.

Kwa hiyo itazame National Treasure. Nakuambia kwa moyo mmoja, kaa na wadogo zako mcheke. Ila ukifika pale ofisini kwa Abigail, simamisha filamu kidogo uwaulize: nyie mngewapa? Wakisema ndiyo, kabla hujalala ficha ndimu.